Karatasi ya Jumatatu: kazi za nyumbani za wiki katika shule za msingi za Ireland

(Mhadhara kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili, Dublin)

Wazazi wenzangu, asalaam aleikum. Na kwa wenzetu, Bwana asifiwe. Shikamooni wazee mliojibanza huko nyuma karibu na chupa za chai.

Nimeitwa nizungumzie karatasi. Si ya uhamiaji, msishtuke. Ni ile inayotoka kwenye begi la mtoto Jumatatu jioni, imekunjwa mara nne na ina doa la juisi, au siku hizi inaingia kwenye simu kupitia programu ya shule. Ina safu nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Chini yake kuna visanduku: kurasa mbili za kusoma kwa sauti, maneno ya imla, tebo, sentensi za Kiayalandi, na mwisho kabisa mahali pa mzazi kutia sahihi. Katika shule nyingi Ijumaa hakuna kazi, kwa kuwa asubuhi hiyo mwalimu anawapima imla na tebo za wiki nzima. Wale wadogo wa Junior Infants, wa miaka minne na mitano, wana maneno machache na shughuli nyingi za mikono: tafuta nyumbani vitu vinavyoanza na sauti fulani, panga soksi mbilimbili, mwimbie mama wimbo huu.

Nimekuja na neno moja tu. Kazi hiyo ifanyeni kwa Kiswahili.

Naona watu wanatazamana. Najua majumbani hali ilivyo. Karatasi ikifika, mama anamkabidhi dada mkubwa kwa sababu Kiingereza cha dada kimenyooka. Baba yuko zamu ya usiku. Ikibidi mama akae mwenyewe na mtoto, anakaa kwa hofu, anasoma maneno yaleyale ya Kiingereza kwa lafudhi ambayo mtoto ameshaanza kuicheka, na baada ya robo saa wote wawili wamenuna. Sasa nani aliwaambia kwamba mnatakiwa kuwa walimu wa Kiingereza? Mimi nimetafuta, sijaona palipoandikwa.

Nilichokiona ni hiki. Katiba ya Ireland ya mwaka 1937, ibara ya 42, inaitambua familia kuwa ndiyo mwalimu wa kwanza wa mtoto kwa maumbile, na inampa mzazi hiari ya kumsomesha mwanawe nyumbani kabisa akitaka. Wanaofanya hivyo hujiandikisha Tusla, wakala wa serikali wa mambo ya watoto na familia. Wengi wetu hatutakwenda huko, kazi zenyewe zinatushinda. Lakini elewa msimamo wenyewe: kwa sheria ya nchi hii, mwalimu ndiye anayekusaidia wewe, wala si wewe unayemsaidia mwalimu. Na Wizara ya Elimu haikupanga mtoto apewe kazi kiasi gani. Kila shule inatunga utaratibu wake, na mara nyingi huuweka kwenye tovuti yake, wameandika hata dakika kwa kila darasa. Usomeni. Hata wakubwa wa nchi hawakubaliani kuhusu jambo hili. Januari 2023 Rais wa wakati huo, Michael D. Higgins, alipohojiwa na kipindi cha habari cha watoto cha RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, alisema ingefaa kazi ya shule iishie shuleni. Watoto walishangilia, bila shaka. Karatasi ikaendelea kuja Jumatatu.

Sasa niwape habari ya watoto wa hapahapa, wazee wao wa juzi, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho.

Mwaka huohuo wa 1937, Tume ya Mapokeo ya Ireland ilikuwa na wasiwasi kwamba wazee wanakufa na yale wanayoyajua. Haikuwa na watu wa kutosha kuzunguka vijiji vyote. Ikaona: mbona kila kijiji kina shule, na kila mtoto ana bibi? Wakakubaliana na Wizara ya Elimu na chama cha walimu. Kuanzia 1937 hadi 1939, wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi, wa miaka kama 11 hadi 14, wakatumwa nyumbani na swali. Mtunza kumbukumbu wa tume, Seán Ó Súilleabháin, alitayarisha kijitabu chenye mada 55. Mwalimu anatoa mada, mtoto anakwenda kumuuliza babu, bibi au jirani, anarudi na kuandika kwenye daftari, kisha yaliyo bora yananakiliwa kwenye kitabu kikubwa cha shule.

Na mada zenyewe zilikuwaje? Dawa za kienyeji. Dalili za mvua. Hazina zilizofukiwa. Kuchukua siagi kwenye maziwa. Mhunzi wa kijiji. Enzi ya njaa kuu. Kulikuwa na mada nzima juu ya utunzaji wa miguu: muulize bibi, zamani mtu alianza kuvaa viatu akiwa na umri gani, na maji yaliyooshewa miguu yalifanywa nini? Mimi nilicheka nilipoisoma mara ya kwanza, kisha nikafikiria ni mtaala gani wa leo ungeweza kumfanya mtoto wa miaka 12 amkalishe bibi yake jioni nzima amsimulie juu ya miguu. Mshahara wa mzazi haukuulizwa, wala cheti chake, wala kama anajua kuandika. Palihitajika mtu anayejua jambo na mtoto mwenye kalamu.

Watoto wapatao 50,000, kutoka shule zipatazo 5,000 katika kaunti zote 26, wakaleta kurasa kama 740,000. Zinahifadhiwa katika chuo kikuu cha UCD hapahapa Dublin, na mwaka 2017 UNESCO iliyaingiza makusanyo ya tume hiyo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Leo ukifungua tovuti ya dúchas.ie unaona mwandiko wa watoto wenyewe, bure. Fungua kaunti unayoishi, tafuta shule ya karibu, msome na mwanao. Hiyo peke yake ni kazi ya wiki ya historia.

Moja ya mada zile ilikuwa vitendawili. Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Nyumba yangu haina mlango.

(Ukumbi: Yai!)

Basi. Hapo mtoto amefanya kazi ya lugha, amefikiri kwa mafumbo, amesubiri zamu yake, na hakuna aliyefungua kitabu. Akivipeleka vitatu shuleni na kumwambia mwalimu kwamba ndivyo wanavyocheza kwao, mwalimu atafurahi, kwa sababu Mtaala wa Lugha wa Shule za Msingi wa mwaka 2019 unamtaka azitambue lugha za nyumbani za watoto. Mtaala huo umejengwa juu ya jambo ambalo walimu wa lugha wanalijua siku nyingi: mtoto aliyejifunza kusimulia, kubisha na kueleza sababu kwa lugha moja, ujuzi huo haumtoki anapoingia lugha nyingine.

Kwa hiyo tunafanyaje? Tuchukue kisanduku cha kusoma. Mtoto anasoma ukurasa wake wa Kiingereza kwa sauti. Wewe sikiliza tu, usimkatize kila neno. Akimaliza, funga kitabu na umuulize kwa Kiswahili: huyu paka kwa nini kajificha? Wewe ungefanya nini? Unadhani kesho itakuwaje? Akikujibu vizuri, ameelewa. Akibabaika, ujue alisoma herufi tu, rudini kwenye picha. Kwa kweli hili ni gumu kwake kuliko kuulizwa kwa Kiingereza, kwa sababu hawezi kukunakilia sentensi ya kitabuni. Lazima aiyeyushe kwanza kichwani.

Tebo ni rahisi zaidi. Si lazima mezani. Tebo za nne kwenye Luas, treni ya mjini hapa Dublin, kutoka kituo hadi kituo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, zinatosha. Na hisabati nyingine iko jikoni. Mtaala mpya wa hisabati uliotoka 2023 unasisitiza mtoto acheze, apime na aeleze alivyofikiri. Mpe mizani na unga wa chapati. Gramu 500 zinatoa chapati nane, je, wageni wakija tukataka kumi na mbili? Mwache akosee. Unga ukizidi, tutakula.

(Kicheko.)

Kisanduku cha imla sina la kusema, ni kukariri, kila mtu anajua kukariri.

Sasa Kiayalandi, Gaeilge, maana ndicho kinachowatoa watu jasho. Niwaambie siri: kinawatoa jasho hata wazazi waliozaliwa hapa. Walisoma shuleni miaka mingi, na wengi watakuambia sentensi pekee waliyobaki nayo ni ile ya kumuomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni: «An bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas?» Kwa hiyo hapa hamjaachwa nyuma na mtu. Mko mstari mmoja. Msiangalie maandishi mkajaribu kuyasoma kama yalivyo, mtapotea, «bh» inatamkwa «v» au «w». Fungueni teanglann.ie, andikeni neno, bonyezeni sauti. Mtalisikia kwa lafudhi tatu: ya Connacht, ya Munster na ya Ulster. Muulizeni mtoto mwalimu wake anasema kama ipi. Mtoto anafurahi mno kuwa yeye ndiye anayejua, na mzazi anayefundishwa na mwanawe kwa dakika tano hajapungukiwa heshima. Kuna pia televisheni ya TG4, ina vipindi vingi vya watoto kwa lugha hiyo.

Na wale wanaouliza juu ya kusamehewa somo hilo: msamaha upo, lakini una masharti. Kwa mtoto aliyetoka nje ya nchi, unawalenga wanaokuja wakubwa, kuanzia miaka 12, wakiwa wamekaa nje miaka mitatu mfululizo. Mtoto aliyeanza shule hapa na miaka minne hahusiki. Mwacheni ajifunze. Watoto wetu wengi wanazo lugha mbili au tatu tayari, ya nne haiwaui.

Niseme kidogo juu ya 2020, kwa sababu ndipo wengi tulipoumia na karatasi hizi. Tarehe 12 Machi waziri mkuu wa wakati huo, Leo Varadkar, alitangaza akiwa Washington kwamba shule zinafungwa jioni ileile. Ilisemwa ni hadi tarehe 29. Zikafunguliwa mwisho wa Agosti. Tarehe 30 Machi RTÉ ilianza shule ya televisheni, kila siku ya kazi saa tano asubuhi, walimu watatu, saa nzima. Ilikuwa nzuri, tena mzazi asiyejua Kiingereza alikaa akajifunza na mtoto. Shule nazo zikawa zinatuma mpango wa wiki. Niliyoiona mimi mingine ilikuwa na kurasa tano, viungo vya mtandao, picha za kupiga na kurudisha. Nyumba yenye watoto watatu na simu moja ingefanyaje? Tabia ya kuogopa karatasi naona ilianzia hapo kwa wengi wenu. Ile ilikuwa dharura. Karatasi ya leo ni nyembamba, msiibebe kwa uzito wa ile.

Mambo mawili ya bure, halafu maswali. Maktaba za umma hapa hazitozi kiingilio, na tangu 2019 hazitozi faini ya kuchelewesha kitabu. Narudia, hakuna faini, kwa sababu najua kuna watu walioacha kwenda kwa deni la euro mbili. Na kama shule yenu iko katika DEIS, mpango wa serikali wa kuzisaidia shule za maeneo yenye uhitaji, huenda ina mwalimu ambaye kazi yake ni kuunganisha nyumba na shule. Akibisha hodi, hajaja kukagua nyumba. Mkaribisheni, mwambieni mnachokwama.

Haya, maswali.

(Mama mmoja aliuliza afanye nini iwapo anasema Kiswahili na mtoto anajibu Kiingereza.)

Endelea na chako, mama. Usimgombeze wala usibadilike. Anakuelewa, na kuelewa ni nusu ya safari. Mpe kazi ambayo Kiingereza hakimsaidii: ampigie bibi simu Jumapili amuulize jambo moja la zamani, aliandike kwenye daftari lake. Bibi hana Kiingereza, atafanyaje? Atatafuta maneno.

(Baba mmoja aliuliza: mtoto akichoka kabla hajamaliza, sahihi anaweka au haweki?)

Unaweka, baba. Sahihi yako haisemi kwamba kazi imekamilika, inasema umeiona. Andika pembeni sentensi moja, hata kwa Kiingereza kibovu: tulikaa dakika ishirini, alichoka, tumeishia namba sita. Mwalimu anaihitaji habari hiyo kuliko namba saba hadi kumi ulizomfanyia wewe usiku.