Barafu, Rafu na Ukinzani: Hesabu ya Kukausha Dawa kwa Kugandisha

Mabibi na mabwana, chanjo ya surua hufika zahanati ikiwa keki kavu ndani ya kichupa, ikisubiri maji yake ya kuchanganyia. Keki hiyo hupitia hatua tatu: kugandishwa, kukaushwa mara ya kwanza, barafu ikigeuka mvuke bila kuyeyuka, kisha kukaushwa mara ya pili ili kutoa unyevu ulionasa. Leo nabaki kwenye hatua ya kati, maana ndiyo inayokula muda na kuharibu mzigo.

Modeli yake ina milinganyo miwili tu. Joto linaloingia ni eneo la kitako cha kichupa, mara kigawo cha upitishaji joto, mara tofauti ya nyuzijoto kati ya rafu (bamba linalobeba vichupa na kuvipasha joto) na barafu. Mvuke unaotoka ni eneo la ndani, mara tofauti ya kanieneo kati ya barafu na chemba (chumba chenye ombwe kinachovizunguka vichupa), gawanya kwa ukinzani wa tabaka lililokwisha kukauka, yaani jinsi linavyouzuia mvuke kupita. Milinganyo hiyo inaunganishwa na jambo moja: kila gramu ya barafu inayoondoka hula takriban jouli 2,840.

Tutie namba. Kitako sm² 3.8, ndani sm² 3.14, kigawo wati 15 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi, chemba paskali 10, rafu −20°C. Tofauti ndogo ya joto ndani ya barafu yenyewe naiacha. Ukinzani ukiwa 360 (paskali mara sm² mara saa, kwa gramu), barafu hutulia kwenye −35°C na kichupa hupoteza gramu 0.11 kwa saa. Sasa tabaka kavu linenepe, ukinzani ufike 700. Mtu atatarajia kasi ipungue nusu. Wapi! Inashuka hadi 0.09 tu, kwa sababu joto lisilopata pa kutokea huipasha barafu, kanieneo yake ikapanda na kuusukuma mvuke zaidi. Ila barafu sasa imefika −32°C, na hapo ndipo sukrosi, sukari inayoishikilia keki, hulegea na keki kuporomoka. Anayekagua saa ya kwanza pekee hajakagua kitu. Shusha rafu hadi −25°C: barafu inarudi −34°C, na gharama yake ni kasi kushuka hadi 0.066.

Kigawo hupimwa, hakikisiwi. Jaza maji matupu, pima uzani, kausha sehemu tu ya barafu, pima tena. Rudia kwa kanieneo tofauti, kwani gesi iliyo chini ya kitako hupitisha joto zaidi kanieneo ikipanda. Vichupa vya pembeni viwekee kigawo chao; hupokea joto la ukuta na mlango, hivyo huporomoka kwanza.

Ukinzani ndio msumbufu. Kiwandani hewa ni safi kuliko maabara, basi maji hupoa zaidi kabla ya kuganda, fuwele huwa ndogo, na vitundu vinavyobaki ni vyembamba. Dawa ileile, rafu ileile, barafu yenye joto zaidi.

Mwisho wa hatua usiuachie hesabu. Kwenye mvuke wa maji, kipimo cha Pirani, kinachosoma kanieneo kwa jinsi gesi inavyopitisha joto, husoma takriban mara 1.6 ya kipimo cha kapasita, kinachosoma msukumo wenyewe; masomo yao yakikutana, mvuke umeisha, maana yake barafu imekwisha. Vikichelewa kuliko modeli inavyosema, anza kukagua ukinzani, kisha vichupa vya katikati ya trei.