Jinsi ya kupaua kwa bati la migongo ili lisivuje wala kung'olewa na upepo

Karibuni sana watazamaji. Leo tupo Buguruni, tunapaua nyumba ya chumba na sebule kwa bati la migongo midogo. Kabla fundi hajapanda juu, chukua karatasi tufanye jaribio.

Ilaze juu ya glasi mbili zilizoachana kidogo, uweke sarafu ya shilingi mia mbili katikati. Umeona? Imebonyea, sarafu imeanguka. Sasa ikunje mikunjo myembamba, mmoja juu mmoja chini, uirudishe palepale na sarafu yako. Inabeba! Karatasi ni ileile, kilichobadilika ni umbo tu.

Hiyo ndiyo akili ya Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, aliyepata hataza ya bati la mawimbi mwaka 1829. Chuma chembamba kinachojipinda chenyewe kikipewa migongo kinabeba paa. Kutu ilipata dawa mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alipopata hataza ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyushwa. Watu hawa wawili wanastahili heshima kwa kila mtaa wa Dar unaouona ukiwa juu ghorofani.

Tuanze kazi. Dukani uliza geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 30 ni nyepesi kuliko 28. Kama unajenga Kigamboni au Msasani karibu na bahari, usiangalie bei peke yake, uliza na zinki, maana chumvi ya hewani inakula bati taratibu.

Juu ya kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, papi (mbao zinazopigiliwa bati) zikate migongo, yaani bati lishuke kutoka kwenye kofia ya kileleni kwenda chini, papi zipite kwa upana. Hapa watu wengi hawaelewi sababu. Bati lina nguvu kwa kufuata urefu wa mgongo tu. Ukilishika kwa upana linajikunja mkononi, hebu tazama hivi. Kwa hiyo papi zikiachana mno, fundi akikanyaga katikati, bati linabonyea na bonde hilo litatuamisha maji.

Bati la kwanza anza upande ulio mbali na kusi, ule upepo wa kusini, ukielekea kunakotoka upepo. Bati la pili lipande juu ya la kwanza kwa mgongo mmoja na nusu. Kwa namna hiyo ukingo wa juu unaupa upepo kisogo, na mvua ya masika haipenyezwi ndani. Kwenye kiungo cha juu na chini, bati la juu lilalie la chini kwa sentimita 15.

Sasa msumari. Angalia kidole changu: hapa juu ya mgongo, si kwenye bonde. Maji yote yanapita bondeni, tundu likiwa huko umejitengenezea bomba la kuingia sebuleni. Gonga mpaka raba iliyo chini ya kichwa cha msumari ishike, basi. Ukiendelea kugonga mgongo unalala, na nguvu tuliyoiona kwenye karatasi inapotea hapohapo.

Kukata, tumia mkasi wa bati. Grenda ina haraka, lakini cheche zake zinaunguza zinki, na kutu itaanzia kwenye mkato huo. Mkimaliza, fagieni paa lote kwa ufagio laini kabla ya kushuka, vipande vya chuma visilale juu yake hata usiku mmoja.