Mabiringanya ya siki na mafuta: kwa nini nayachemsha, na kwa nini siyauzi

Hamjambo ndugu zangu mlioko nyumbani. Tangu niweke video ya kwanza ya mabiringanya, kila nikifungua maoni nakuta swali lile lile limeandikwa na watu wasiojuana: "Dada, mbona unayachemsha kwenye siki wakati yule bibi aliyekufundisha hayachemshi? Na kama umeshajua kutengeneza, mbona huuzi?" Nimejibu wachache kwa maandishi, lakini jibu ni refu, na nusu ya jibu hilo linahusu uhai wa mtu, kwa hiyo leo nalitoa kwa wote.

Najua wapo watakaosema najionyesha kwa sababu mezani pangu pana mafuta ya zeituni. Lita niliyotumia niliinunua kwa euro 9, na mabiringanya ya Agosti niliyapata sokoni kwa euro 1 kilo moja, kwa hiyo katika chakula hiki mboga si gharama, gharama ni mafuta, nami nilijinyima kwingine ili niyapate. Na wapo watakaosema kwamba nikianza kutaja karatasi na ada nimekuja kuwalilia. Silii. Nimeulizwa kwa nini siuzi, na sababu zenyewe ni karatasi na ada.

Chakula chenyewe huku kusini mwa Italia huitwa melanzane sott'olio, yaani mabiringanya yaliyozamishwa kwenye mafuta. Hapa Puglia ninapoishi watu huyaandaa mwishoni mwa kiangazi, mboga ikiwa nyingi na rahisi, wakayala wakati wa baridi pembeni ya nyama, jibini au kipande cha mkate. Nilifundishwa na jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mwenye umri wa kunizaa, ambaye mimi na watoto wote wa jengo letu tunamwita Signora tu, yaani Bibi. Alinifundisha kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, maana mwaka ule Kiitaliano changu kilikuwa bado kidogo sana.

Kumenya na kukata sitaeleza, hayo mnayajua. Angalieni tu vipande viwe vyembamba kama kidole cha mtoto, na mchague mabiringanya marefu membamba kwa kuwa yana mbegu chache. Mimi hutia chumvi gramu 50 kwa kila kilo moja, nikavipanga ndani ya chujio, nikaweka sahani juu yake na kitu kizito juu ya sahani, vikalala hivyo usiku kucha. Asubuhi chini ya chujio unakuta maji ya rangi ya kahawia, mengi kuliko unavyodhani. Kisha unavikamua kwa mkono, konzi moja moja, na hapa ndipo Signora alipokuwa akinirudisha nyuma kila mara: nilipodhani nimemaliza, alichukua konzi ile ile, akaikamua mbele ya macho yangu, na maji yakatoka tena. Kipande kilichokamuliwa vizuri hulegea kama kitambaa kilichofuliwa, na ukikivuta hakikatiki. Kilo 2 nilizoanza nazo zilinipa chupa ndogo tatu tu.

Kuanzia hapo njia yangu na ya Signora zinaachana. Yeye huvilaza vipande vibichi ndani ya siki usiku mzima, akavikamua tena, ndiyo maana vya kwake hubaki na ule ukakamavu mzuri mdomoni. Mimi huchemsha siki ya zabibu, ambayo kwenye chupa imeandikwa asidi asilimia 6, nikavitumbukiza humo kwa dakika tatu, nikavitoa na kuvitandaza juu ya kitambaa safi hadi vikauke. Vyangu huwa laini kidogo kuliko vyake, nakiri. Simwambii Signora kwamba amekosea, kwa kuwa amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa na siki yake haipunguzi hata tone. Lakini mimi sina mkono wake wala uzoefu wake, nami napenda kuona kwa macho yangu kwamba siki imeingia hadi katikati ya kila kipande. Kuchemsha au kutochemsha ni uamuzi wa mtu na jiko lake. Kutumia siki ya kutosha si uamuzi wa mtu.

Nieleze hilo kwa utaratibu, maana wengi mnaamini kwamba mafuta ndiyo yanayohifadhi. Mafuta yanazuia hewa tu. Kuna bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, anayeishi kwenye udongo, na kwa hiyo anaweza kuwa juu ya mboga yoyote iliyotoka shambani. Huyu hapendi hewa, na ukimzamisha kwenye mafuta pamoja na mboga isiyo na uchachu umempa nyumba anayoitaka. Spora zake, yaani vijimbegu vyake vigumu, hazifi kwenye maji yanayochemka, zinahitaji joto la nyuzi 121 za Selsiasi, ambalo sufuria ya kawaida haifiki, na ndiyo sababu kuchemsha chupa zilizokwisha kujazwa hakuwezi kurekebisha kosa la kupunguza siki. Kinachomzuia ni uchachu: pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba yake hushuka kadiri uchachu unavyozidi, ikiwa chini ya 4.6 hawezi kukua wala kutoa sumu yake. Sumu hiyo huharibika chakula kikichemshwa sawasawa kwa dakika kumi, lakini nani anachemsha mabiringanya haya kabla ya kuyala? Yanaliwa baridi, kama yalivyotoka kwenye chupa. Tena chakula chenye sumu hiyo kinaweza kuwa na harufu nzuri na ladha nzuri, kwa hiyo kuonja si kupima, ni kujihatarisha.

Italia ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye wagonjwa wengi wa botulizimu, yaani ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo, na vyakula vya kuhifadhi vinavyotengenezwa nyumbani vina sehemu kubwa katika hilo, hata taasisi ya taifa ya afya imetoa mwongozo maalumu kwa watu wanaohifadhi vyakula majumbani. Agosti 2025 vyombo vya habari vya huku viliripoti vifo vilivyohusishwa na ugonjwa huo, Sardinia na Calabria. Mtu huanza kuona vitu viwili viwili, kope zinalegea, kumeza kunakuwa kugumu, kisha udhaifu unashuka mwilini hadi kwenye misuli ya kupumulia. Anayeona dalili hizo baada ya kula chakula cha chupa aende hospitali saa hiyo hiyo na aseme alichokula.

Na kitunguu saumu! Hapa nawaomba sana. Nimeona video nyingi ambamo mtu anatumia siki vizuri kwenye mabiringanya, halafu anatupia punje mbichi za kitunguu saumu kwenye mafuta. Kitunguu saumu kimekua ardhini na hakina uchachu wa kutosha, kwa hiyo nacho kipite kwenye siki inayochemka, na pilipili na majani ya nanaa vivyo hivyo. Mimi huvitia vyote katika sufuria ile ile baada ya kutoa mabiringanya.

Baada ya hapo unapanga kwenye chupa zilizochemshwa, unashindilia, unamimina mafuta, unapitisha kisu pembeni ili mapovu ya hewa yapande juu, na unaacha wazi kwa saa kadhaa kabla ya kufunga. Angalia tena kesho yake. Chupa yangu ya kwanza mafuta yalikuwa yameshuka unene wa kidole kimoja, na vipande vya juu vilikuwa nje vikipigwa na hewa. Ongeza mafuta hadi vizame, funga, weka mahali penye giza kwa mwezi mmoja. Ukishafungua, chupa ikae kwenye jokofu.

Sasa, kuuza. Ili niuze hata chupa kumi kihalali huku ninahitaji kufungua namba ya kodi ya biashara, kupeleka taarifa manispaa na kwa idara ya afya kwamba ninatengeneza chakula, kusoma mafunzo ya usafi wa vyakula, kuwa na jiko lililo tayari kukaguliwa, na kubandika lebo yenye viungo vyote. Sheria hizo sizipingi, na mmesikia sababu yake sasa hivi. Kilichonivunja nguvu ni kwamba nilianza kufuatilia nikiwa nasubiri kibali changu cha ukaazi kihuishwe, ambacho nilikuwa nimekwisha kulipia euro 126.46: ada 50, kadi yenyewe 30.46, stempu ya ushuru 16, na posta 30. Katika ofisi moja niliambiwa kwamba risiti ya posta inayoonyesha kwamba nimeomba kihuishwe haitoshi, nilete kadi ya kibali yenyewe. Nilirudi mara tatu, kila mara nikikosa mshahara wa siku, hadi mtu wa dirisha lingine aliposema risiti ile inatosha. Kufikia hapo msimu wa mabiringanya ulikuwa umekwisha. Mwingine atafika mara moja tu na kuhudumiwa. Nasimulia yaliyonipata mimi, msiyafanye kanuni.

Lipo na jambo jingine ambalo sijawahi kulisema hapa. Nilimpelekea mtu ninayefanya naye kazi chupa moja, akaigeuza geuza, akaniuliza kama kweli najua kutengeneza kitu hiki, kwa kuwa si chakula cha kwetu. Kama angeniuliza nimetumia siki kiasi gani ningefurahi, maana hilo ni swali ambalo kila anayepewa chupa ya nyumbani anapaswa kuuliza. Hakuuliza siki. Jioni nilishuka na chupa ile kwa Signora. Alifungua, akatazama kama mafuta yamefunika, akachukua kipande kwa uma, akala, akakata mkate. Aliniambia mwakani nikamue zaidi.

Wa mwisho ni dada aliyeuliza kama anaweza kutumia mafuta ya alizeti kwa kuwa ya zeituni yanamshinda bei. Unaweza, dada yangu. Ladha itabadilika kidogo, usalama hautabadilika. Fedha utakayookoa nunulia siki nzuri, usome kwenye chupa asidi yake, na ikiwa ni chini ya asilimia 5, irudishe rafuni.