Usiulize Neno Lina Maana Gani, Uliza Limekaa Wapi

Walimu wenzangu, nimelisema hili Arusha na leo nalirudia hapa Moshi: acheni kuwakaririsha watoto kwamba nomino ni jina la kitu na kitenzi ni neno la kutenda. Kwa Kiingereza, kanuni hiyo inawapoteza.

Chukueni neno ambalo vijana wetu wanaoongoza wageni mlimani hulitumia kila siku: climb. Mtoto ataambiwa kupanda ni kutenda, basi ni kitenzi. Sasa andika ubaoni "The climb starts at Machame Gate." Watu bado wanapanda, jasho linawatoka, lakini climb hapo ni nomino! Imetanguliwa na the, na kitenzi chake kinaifuata: starts, chenye ile s ya nafsi ya tatu umoja. Andika tena "They climb slowly." Hakuna herufi iliyoongezwa wala kupunguzwa, ila sasa ni kitenzi. Lipeleke wakati uliopita uone: "They climbed slowly." Limekubali. Jaribu hivyo kwenye ile sentensi ya kwanza, "The climbed starts", inavunjika papo hapo.

Tunakosea kwa sababu Kiswahili kimetuzoesha neno lililovaa sare yake: pika, mpishi, upishi, mapishi. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na miisho yake. Upendo uliitwa lufu, kupenda lufian. Miisho ikadondoka karne kwa karne, yote mawili yakabaki love.

Najua kuna mwalimu anasema moyoni, "Si kuna to? Ikitangulia to, ni kitenzi." Hapana, mwalimu! "I want to work" ni kitenzi. "I go to work" ni nomino. Ingiza my: "I go to my work" inakubali, "I want to my work" inakataa. Jaribio hilo mtoto wa darasa la tano analiweza. Kwa nini tumnyime?

Muda unanibana. Kuna mkazo pia unaotenganisha nomino na kitenzi: permit ya kuingilia hifadhini, nomino, hukazwa silabi ya kwanza; permit ya kuruhusu, kitenzi, hukazwa ya pili. Record hali kadhalika. Advice, nomino, na advise, kitenzi, mnazijua, nazipita.

Haya, nipeni sentensi zinazowasumbua darasani tuziandike ubaoni.