Vile Vinyota Vinavyometameta

Naomba kila mwenye simu aitoe. Fungua barua pepe, fungua picha, hata kibodi. Tafuta alama ya vinyota vidogo. Naona mama pale mbele anacheka, keshavikuta mara tatu.

Alama ya mkasi inakata, ya pipa inafuta. Hivi vinyota, alama ya akili unde, yaani AI, kazi yake nini? Hapo ndipo ujanja ulipo, maana havikwambii. Vinakuashiria tu kwamba kuna maajabu. Na maajabu nani huyauliza yanakosea mara ngapi? Onyo la kwamba akili unde inaweza kukosea lipo, sikatai. Lipo chini kabisa, rangi ya kijivu, na mimi na miwani yangu hii nalisoma kwa kukunja uso.

Desemba 2024, akili unde ya iPhone ilifupisha taarifa za BBC ikaandika kwamba Luigi Mangione, mtuhumiwa wa mauaji ya bosi wa kampuni ya bima ya afya kule New York, amejipiga risasi. Hakujipiga. Lakini uongo ule ulitokea kwenye skrini chini ya jina la BBC, kwa hiyo aliyeaibika ni BBC. Walilalamika, na Januari Apple ikasitisha mihtasari ya programu za habari.

Sasa njooni kwenye majina. Mei 2024 Microsoft ilitangaza kitu kinachopiga picha skrini ya kompyuta yako kila baada ya sekunde chache na kuzihifadhi. Wakakiita Recall, yaani kukumbuka. Neno zuri, la kibibi kabisa! Wataalamu wa usalama wakapiga kelele, na Juni kampuni ikasema hakitawaka mpaka mwenyewe ukiwashe. Kingeitwa “mpiga picha wa skrini yako” tangu siku ya kwanza, nadhani kelele zingeanzia palepale ukumbini.

Shangazi yangu hajui mambo ya Recall. Yeye alinipa simu yake, akanionyesha kitufe kipya cha akili unde kwenye programu yake ya meseji, akauliza, “Mwanangu, huyu nani kamkaribisha humu?” Nikaingia kwenye mipangilio nimwondolee. Nikapekua mpaka chai ikapoa. Pa kumzimia hapakuwepo. Nikamrudishia simu, na tangu siku hiyo anaandika kidole gumba kikiwa juujuu, asije akamgusa kwa bahati mbaya.