Kilomita 21 kwa Mwendo wa Kuongea

DADA: Karibuni tena, wasikilizaji. Kaka, ngazi umezipandaje leo? Juzi tu umetoka kukimbia nusu marathoni.

KAKA: Kupanda si kazi, dada, kazi ni kushuka. Mapaja yamekaza. Ila nina furaha, maana safari hii nimemaliza pamoja na wenzangu wa klabu.

DADA: Mbio zako za kwanza ulirudi umenuna. Nilikuuliza, hukunijibu.

KAKA: Iliniuma. Tulikubaliana kwenda dakika 6 na sekunde 24 kwa kila kilomita, tumalize kwa saa mbili na robo. Mlio wa kuanzia ukapigwa, watu wakasukumana, nikausikia mwili mwepesi nikachomoka. Kilomita tatu za mwanzo nilizikata kwa dakika tano na nusu kila moja! Kufika ya 14, miguu ikawa mizito kama nimevaa mchanga. Kwenye ya 16 nikasikia vishindo nyuma yangu. Ukishakimbia na watu miezi minne, unawajua kwa hatua zao bila kugeuka.

DADA: Wakakupita?

KAKA: Walinipita. Mama mmoja, mkubwa kwangu kama miaka 20 hivi, akapunguza mwendo akawa sambamba nami. Akasema, "Shusha mabega, mwanangu." Basi. Kumbe nilikuwa nimeyakunja mpaka yanakaribia masikio. Nikashusha, pumzi ikashuka hadi tumboni, nikaweza kuendelea. Nilimaliza, lakini dakika tisa nyuma yao.

DADA: Wengi husema anayekatika njiani hakufanya mazoezi. Wewe ulifanya.

KAKA: Nilifanya yote. Kilichoniponza ni pupa. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni. Ukikimbia kwa nguvu, hiyo hupungua vibaya baada ya dakika 90 mpaka saa mbili hivi. Na kadiri unavyoongeza kasi, ndivyo mwili unavyochoma sukari nyingi na mafuta kidogo. Letesenbet Gidey wa Ethiopia alimaliza nusu marathoni ya Valencia mwaka 2021 kwa saa 1, dakika 2 na sekunde 52. Yeye anavuka mstari akiba ingalipo. Sisi wa saa mbili na zaidi ndio wa kuitunza tangu hatua ya kwanza.

DADA: Hapo ndipo klabu inapoingia?

KAKA: Hapo hasa. Mbio ndefu ya wiki tunakwenda kwa mwendo wa kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha. Peke yangu nilikuwa naangalia saa ya mkononi kila dakika na bado najidanganya. Nikiwa na mtu ubavuni ananisimulia habari za watoto wake, siwezi kudanganya, kwa sababu lazima nimjibu.

DADA: Umenikumbusha Eliud Kipchoge kule Vienna, Oktoba 2019. Marathoni nzima kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, lakini nilichokipenda mimi ni wale wakimbiaji 41 waliopokezana kumkinga upepo na kumshikia kasi. Mabingwa wakubwa, na siku ile walikuja kukimbia kwa ajili ya mwenzao.

KAKA: Na sisi tunafanya hivyo kwa kiwango chetu. Upepo ukija usoni, kila mtu anaongoza kilomita moja, halafu anarudi nyuma kupumzika. Na wenye kasi wakitangulia mazoezini, wanageuza na kumrudia wa mwisho. Mgeni akiingia klabuni hiyo ndiyo hofu yake kubwa, ataachwa. Haachwi.

DADA: Mtu anayejiandaa sasa hivi, umwambie nini kwa haraka?

KAKA: Viatu na soksi za siku ya mbio ziwe zimeshakimbia mazoezini, la sivyo ni malengelenge. Mafuta ya mgando kwapani na katikati ya mapaja. Wiki mbili za mwisho apunguze umbali, asijaribu kufidia siku alizokosa. Maji anywe akisikia kiu. Kuyabugia kupita kiasi hupunguza chumvi kwenye damu, na hiyo ni hatari kweli.

DADA: Haya, juzi mlifikaje?

KAKA: Tulikuwa sita. Kuanzia kilomita ya 18 hakuna aliyeongea tena, ni pumzi tu, lakini zinakwenda pamoja. Na nusu marathoni haiishii 21, kuna mita 97 na nusu za ziada. Ndizo zilizonitoa machozi. Nilimwona yule mama mbele yangu kidogo, mabega yameshuka, mikono haijakaza hata kidogo. Saa 2, dakika 14.

DADA: Mkaenda kupumzika.

KAKA: Bado. Wenzetu wawili walikuwa hawajafika. Tukavaa medali, tukarudi kwa miguu kando ya njia mpaka karibu na kibao cha kilomita 20, tukawasubiri. Wa mwisho alitokea baada ya dakika 40. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikawaka, naye akanyoosha mkono tu, kusema hakuweza.

DADA: Na wiki hii mnakimbia?

KAKA: Tunatembea. Wote wanane.