Bahari inafuata mwezi, jua je?

Asalaam aleikum. Ahsanteni kwa kuja, maana leo ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na naona akina mama wengine mmetoka moja kwa moja kwenye mwani, kanga bado zina chumvi.

Nianze na aibu yangu. Mwaka niliohamia huku pwani kufundisha, jamaa mmoja aliniazima kidau. Nikakipeleka gatini maji yamejaa pomoni, nikakifunga kwa kamba fupi, mafundo matatu, nikaenda zangu. Niliporudi baada ya saa tano, maji yametoka, kidau kinaning'inia kwa pua na makasia yamo matopeni. Mvuvi mmoja mzee akanitazama: "Mwalimu, jana hukuuona mwezi?" Nami nafundisha fizikia! (Vicheko.)

Hapa kila mtu anajua kwamba mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Ukiwa nusu, ni maji mafu. Mnajua pia kwamba maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kama mwezi wenyewe unavyochelewa kuchomoza. Galileo, pamoja na akili zake zote, aliandika mwaka 1632 kwamba maji hujaa kwa sababu ya mwendo wa dunia, kama maji yanavyosukwasukwa ndani ya chombo, akamshangaa Kepler, mtaalamu wa nyota, kwa kuamini kwamba mwezi ndio unaovuta maji. Angekaa huku kwa bamvua mbili tatu, nadhani angenyamaza.

Newton ndiye aliyetuwekea hesabu, mwaka 1687. Kila kitu huvuta kingine kwa kadiri ya tungamo lake, yaani wingi wa maada iliyomo ndani yake, na mvuto hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, mvuto unabaki robo. Haya, tupige hesabu. Tungamo la jua ni kama mara milioni 27 ya lile la mwezi, na jua liko mbali nasi mara 390 kuliko mwezi. Gawanya milioni 27 kwa 390, kisha tena kwa 390. Unapata kama 177. Kumbe jua linaivuta dunia mara 177 zaidi ya mwezi! Mbona basi bahari haishiki saa za jua?

Vijana watatu, njooni hapa mbele. Simameni mstari mmoja, mshikane mikono. Wa mbele ni bahari inayotazama mwezi, wa kati ni dunia, wa nyuma ni bahari ya upande wa pili. Nendeni hatua moja, sawasawa. Mmeona? Wamesogea wote, lakini mikono imelegea vilevile. Rudini. Sasa wa mbele apige hatua ndefu, wa kati ya kawaida, wa nyuma fupi. Tazameni mikono: imenyooka huku na huku. Wa mbele kamwacha wa kati, na wa kati kamwacha wa nyuma. Ndiyo sababu maji hujaa pande mbili kwa pamoja, upande unaouelekea mwezi na ule ulioupa mgongo, nasi tunapita kwenye zote mbili dunia ikijizungusha. Ahsanteni, kaeni.

Kwa hiyo tunachotafuta ni tofauti ya hatua, yaani tofauti ya mvuto kati ya upande wa karibu na wa mbali. Mwezi uko kilomita 384,000 kutoka hapa, na dunia ina upana wa kilomita 12,700 hivi. Upande wa karibu unavutwa kuliko wa mbali kwa karibu asilimia 7. Jua liko kilomita milioni 150. Kwa umbali huo upana wa dunia si kitu, tofauti ni asilimia 0.017 tu. Zidisha hiyo kwa 177: unapata 3. Tatu kwa saba, haifiki hata nusu. Jua na mwezi vikiwa mstari mmoja nasi, tatu inajumlishwa na saba, ndilo bamvua. Vikivuta kwa pembe mraba, tatu inatolewa.

Lakini msiniamini moja kwa moja. Mwezi mpevu huwa juu ya vichwa vyetu kama saa sita usiku, na kwa hesabu yangu maji yangejaa saa hiyo. Hapa kwetu bamvua hujaa karibu saa kumi! Bahari ina kina, ina mabara yanayoizuia; maji hukimbia kama wimbi refu ndani ya Bahari ya Hindi na kufika kwa wakati wake. Vijana wangu watatu hawawezi kukupa saa ya kutoa ngalawa. Hiyo kaulize jedwali la bandari.

Mzee mmoja kando ya dirisha aliuliza: kama mwezi unavuta maji, mbona ya mtungini hayajai?

Swali zuri, mzee wangu. Mtungi una upana gani? Shubiri mbili. Upande huu na ule vinavutwa sawasawa kabisa, mikono imelegea. Hata Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake, ukisimama Mwanza huoni maji yakijaa na kupwa.